Kitanda Kinasoma Kitupu

Ukuta mzima wa ofisi ya Mkurugenzi ulikuwa unawaka.

Inspekta alisimama mlangoni, mkono ungali kwenye kitasa, akautazama. Ilikuwa miraba midogo midogo, mingi mno, mingine myekundu na mingine ya kijani, imepangwa safu juu ya safu kama madirisha ya mji mkubwa unapoutazama kutoka mlimani. Kila mraba ni kitanda. Mmoja uligeuka kijani macho yake yakiwa juu yake, kimya, bila hata mlio, naye akaelewa kwamba mahali fulani chini ya jengo hilo mtu ameinuka akaenda kwao, au ameinuliwa na wenzake akiwa amefunikwa shuka.

"Ee Mola wangu," akasema Sajenti nyuma yake, na kofia akaivua bila kujua kwamba anaivua.

"Kila anayeingia humu husema hivyo," Mkurugenzi akacheka. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyewahi kuwa daktari wa watoto. "Karibuni. Zamani, afande, nikitaka kujua kama wodi ina nafasi, nilikuwa nambembeleza sista. Akiwa na kinyongo na mimi, wodi imejaa. Nikimuulizia hali ya wanawe, vitanda vinapatikana. Tangu tuweke mfumo huu simbembelezi mtu. Nakaa hapa, naona."

"Na wodini unashuka?"

"Nishuke kufanya nini? Wodi zote zimepanda huku."

Inspekta aliingia ndani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa hatua, mfupi wa maswali, na macho yake hayakuwa na haraka na kitu chochote. Akaketi, akasema kilichomleta.

"Tunamtafuta fundi cherehani mmoja. Mtaani kwao wanamwita Mama Mishono. Jumatatu aligongwa na pikipiki, akavunjika paja. Mdogo wake akamleta hapa, akamwacha amelazwa wodi ya upasuaji. Jumanne karudi na chakula, mlinzi wa getini akatazama kompyuta yake, akamwambia mgonjwa wako ameruhusiwa, ameshaondoka. Nyumbani hajafika. Kwa ndugu hayupo. Chumba chenu cha maiti tumepita kabla ya kuja kwako, huko nako hayupo. Leo Alhamisi."

Mkurugenzi akagusa kioo kilichokuwa mezani. Kwenye ukuta mraba mmoja ukavimba, ukajaa maandishi.

"Wodi ya upasuaji, kitanda cha kumi na nne. Karuhusiwa Jumanne asubuhi, kabla ya kikao changu cha vitanda. Aliyemruhusu ni Profesa mwenyewe, daktari wetu bingwa. Kitanda kikasoma kitupu, na asubuhi hiyo hiyo mapokezi wakampa msichana mgonjwa wa tumbo. Kila kitu kiko sawa."

"Mtu aliyevunjika paja aliondokaje?"

"Mfumo hauandiki aliondokaje," akasema Mkurugenzi. "Unaandika ameondoka."

Nje, kwenye benchi, mdogo wake Mama Mishono alisimama mara walipotoka. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mikono yake ina madoa ya cheche mpaka viwikoni.

"Wameniulia dada yangu, afande?"

"Bado sijui."

"Yeye ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyekaa kwenye cherehani ili mimi nile. Wananiambia huyo profesa anauza watu viungo."

"Wanakuambia akina nani?"

"Watu."

"Watu hao hawana kazi za kufanya. Tufuate nyuma, na hata ukisikia nini usiseme neno mpaka nikuulize."

Chumba cha mfumo kilikuwa chini ya ngazi, kidogo, baridi kama ndani ya jokofu, na mlango wake ulikuwa na foleni. Alikuwapo mfamasia, na karani wa mapokezi, na mbele yao, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, mzee mmoja wa mvi aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Wengine walimwachia nafasi kwa heshima, lakini foleni alikuwa ameipanga kama wao.

"Ndiye Profesa," Sajenti akanong'ona. "Wanasema wodini akikohoa, hata wagonjwa wanaacha kukohoa."

"Na hapa anasubiri nini?"

Profesa mwenyewe alimsikia. "Nasubiri kufunguliwa orodha ya upasuaji, afande. Nina mgonjwa wa kuongeza, na orodha imefungwa tangu jana jioni. Anayeifungua ni kijana huyu humu ndani." Alisema bila hasira, kama anayeeleza habari za mvua. "Kisu ninacho mimi. Orodha anayo yeye."

Ndani, fundi wa mfumo aliinuka kwa adabu. Hospitali nzima ilimwita Shemeji, ingawa hakuwa ameoa kwa mtu yeyote pale, kwa sababu kila muuguzi alitaka awe na sauti ya kumwambia "Shemeji, nifungulie kidogo." Inspekta alimwomba aonyeshe ruhusa ya Mama Mishono.

"Hii hapa. Imeandikwa kwa jina la Profesa, kwenye kompyuta ya wodini, alfajiri ya Jumanne."

"Alfajiri hiyo nilikuwa kwangu napiga mswaki," akasema Profesa kutoka mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi sijamruhusu mtu. Jumatatu nilimfunga yule mama mguu kwa kamba na mzigo wa kuuvuta, nikapanga kumfanyia upasuaji Jumatano. Jumanne nilipouliza, nikaambiwa mfumo unasoma ameruhusiwa."

"Ukaamini?"

"Nikadhani Mkurugenzi kampeleka hospitali nyingine. Siku hizi huambiwi, afande. Unasoma."

Inspekta akavuta kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta. "Kaa hapa, Profesa. Fungua jina lako nione."

Profesa aliketi. Akaiangalia ile kibodi. Akaweka vidole juu yake, vidole virefu, visafi, ambavyo vilikuwa vimeokoa watu wasiohesabika, na vidole havikujua pa kwenda.

"Nenosiri lako ni lipi?"

"Anafungua Sista wa wodi," akasema taratibu. "Tangu siku ya kwanza. Nilimwambia, andika wewe Sista, mimi nina kazi." Akanyanyua mikono kutoka kwenye kibodi kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Kumbe mimi kila asubuhi nafika kazini kabla sijatoka nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Hata Shemeji aliinamisha kichwa.

Inspekta hakumwacha Shemeji. Karatasi ya kutokea, ile ambayo mgonjwa humpa mlinzi getini, ilichapwa? Haikuchapwa. Gari la wagonjwa lilimchukua mtu wa wodi ile Jumanne? Halikumchukua. Basi amwonyeshe dawa zote zilizotolewa wodi ya upasuaji tangu Jumanne asubuhi. Alitaka kuona kama kuna mgonjwa aliyepewa kitu cha kumdhuru.

Shemeji aliteremsha majina, moja moja, mpaka akasita, akacheka peke yake.

"Babu huyu anatibiwa kuliko waziri."

"Babu gani?"

"Kitanda cha tatu. Amejikata mkono. Lakini ana dripu asubuhi na jioni, sindano za kuua vijidudu, sindano za maumivu, za kuzuia damu isigande, mfuko wa mkojo, na pamba za kumsafishia mtu asiyeinuka."

Sajenti akagonga paja lake. "Hapo sasa! Muuguzi anaiba dawa, afande. Anaandika kwa babu, anauza nje. Mama Mishono kaona, kanyamazishwa."

"Tukamwone babu," akasema Inspekta.

Wodi ya upasuaji ilikuwa ndefu, ina vitanda pande mbili, na madirisha yameachwa wazi. Inspekta aliingia polepole. Aliona sakafu imepigwa deki ikang'aa. Aliona viti vya wageni karibu na mlango vimerundikwa mashuka safi, yamekunjwa vizuri, mpaka mgeni hana pa kukaa. Aliona kitanda cha kumi na nne na msichana aliyelala akishika tumbo. Mwisho wa wodi kulikuwa na milango miwili, mmoja wa choo, mwingine umefungwa.

Babu wa kitanda cha tatu alikuwa muuza nyama mstaafu, na wodi nzima ilimwita Bucha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji mpaka ukawa kama ndizi mshale.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata? Ng'ombe wote niliowachinja walikuwa na vibali."

"Nimekuja kukujulia hali. Sindano zinauma?"

"Sindano zipi? Nilichomwa moja siku niliyokuja, ya pepopunda. Tangu hapo wananipa vidonge viwili na maneno matamu."

"Na dripu?"

"Dripu nimewekewa nina kiu gani?"

"Na mfuko wa mkojo?"

Bucha akajiinua kwa kiwiko, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mfuko wa mkojo, mimi? Mwanangu, chooni naenda mwenyewe, na kurudi narudi naimba. Waulize hawa."

"Anaimba," akasema mtu wa kitanda cha jirani kwa uchovu. "Tena vibaya."

Sajenti alimvuta Inspekta kando, macho yanamtoka. "Si nilikuambia? Wizi mtupu. Nimkamate muuguzi yupi?"

Inspekta alibaki amesimama katikati ya wodi. Aliongea kwa sauti ndogo.

"Mwizi wa dawa anachukua nini, Sajenti?"

"Zinazouzika."

"Pamba za kumsafishia mgonjwa zinauzika? Mfuko wa mkojo, mmoja kwa siku? Angalia tena. Dripu asubuhi, dripu jioni. Ya kuua vijidudu kwa saa zake. Ya maumivu kabla ya kulala. Ya kuzuia damu isigande, ambayo anapewa mtu asiyeweza kutembea. Hakuna kilichozidi hata kimoja. Huu si mzigo wa kuuza." Akakitazama kitanda cha tatu. "Hii ni siku nzima ya mgonjwa mmoja. Kuna mtu anatibiwa humu kwa jina la Bucha."

Yule mdogo mtu, ambaye alikuwa ameambiwa asiseme neno, alishika chuma cha kitanda kilichokuwa karibu naye, akakishika sana.

"Yuko hai?" akauliza. "Afande, yuko hai?"

"Mashuka safi hukaa wapi katika wodi?" Inspekta akauliza, kama hakumsikia.

"Stoo ya mashuka," akajibu Profesa. Alikuwa amewafuata, na sasa alitazama viti vya wageni na yale marundo meupe, kisha mlango uliofungwa. "Ile pale."

"Basi mashuka yametolewa ili kumpisha nani?"

Sista mkuu wa wodi alikuwa ameshafika mbele ya mlango kabla yao. Hakukimbia, alitembea tu, na pale mlangoni akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, kofia yake imenyooka, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

"Sista," akasema Inspekta. "Fungua, mama."

"Nifungue au niseme kwanza?"

"Fungua kwanza."

Stoo ilikuwa na upana wa kitanda kimoja na kiti kimoja. Rafu zilikuwa tupu. Kamba ya kuvuta mguu ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha rafu ya juu, na mzigo wake ulikuwa mfuko wa mchanga ulioshonwa kwa mkono. Dripu ilining'inia kwenye msumari. Na katikati ya hayo yote, kwenye shuka lililonyooshwa kama la harusi, alilala Mama Mishono, amesukwa nywele, midomo imepakwa mafuta isikauke, macho nusu wazi, anahema. Kwa mfumo mzima wa hospitali ile, kwa ukuta wote uliokuwa ukiwaka kule juu, chumba hiki hakikuwa na mtu.

Inspekta hakuvuka kizingiti mara moja. Alisimama kama mtu anavyosimama mlangoni mwa nyumba ya ibada, mpaka yule mdogo mtu akampita akaenda kupiga magoti.

"Dada. Dada, ni mimi."

Mama Mishono aligeuza macho. Homa ilikuwa imemchukua mbali, lakini alirudi kidogo. "Umekula?" akamwuliza.

Kijana alitikisa kichwa, akaushika mkono wake.

"Sasa sema, Sista," akasema Inspekta.

Sista alisema amesimama wima, anatazama ukuta. Kila asubuhi Mkurugenzi ana kikao cha vitanda. Wodi isiyokuwa na kitanda cha kijani huulizwa mbele ya watu kwa nini inarundika wagonjwa. Basi wodi zote zimejifunza: kabla ya kikao, sista anawaruhusu wagonjwa wawili watatu kwenye kompyuta, kikao kikiisha anawarudisha. Wagonjwa wenyewe wanakuwa wamelala hawana habari.

"Tunaita kutandika," akasema. "Asubuhi tunaulizana, umeshatandika? Wodi zote zinatandika, afande. Kuwarudisha kabla hajaingia mwingine ni rahisi. Jumanne nilitandika cha kumi na nne. Kikao kikiwa hakijaisha, mapokezi wakaona kijani, wakampa yule msichana. Akishaingia mwingine, wa kwanza harudi ila kwa ufunguo wa Mkurugenzi, na ufunguo huo unataka sababu. Sista wa wodi ya watoto aliuomba mwezi uliopita. Jioni yake alikuwa nje ya geti na vyombo vyake."

"Ungeniambia mimi!" Profesa alisema. Sauti yake ilipasuka.

"Ungefanya nini, Dokta?" Kwa mara ya kwanza Sista alimgeukia. "Ungeniambia, andika wewe Sista. Na nimeandika. Wewe umepita mbele ya mlango huu kila siku. Ulikuwa unamwuliza nani alipo mgonjwa wako? Ulikuwa unaiuliza kompyuta."

Profesa alikuwa ameshainama, amefunua shuka upande wa miguu. Akashika unyayo wa Mama Mishono. Akatafuta mapigo juu ya unyayo, akayatafuta nyuma ya kifundo, hakuyapata.

"Tangu lini wa baridi hivi?"

"Jana ulikuwa vuguvugu," Sista akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka. "Leo asubuhi nimeukanda. Nilikuwa nakuja kukwambia. Naapa mbele za Mungu, nilikuwa nimeshashika kitasa, mkaingia."

"Mfupa unabana mshipa. Damu haifiki." Profesa aliinuka. "Naingia naye thieta kumpasua sasa hivi. Nikichelewa mpaka adhuhuri, mguu nautoa. Nikichelewa zaidi, mwenyewe anaondoka."

Walimsukuma wote, hata Sajenti, hata Bucha kwa mkono wake mmoja. Na thieta ikawakatalia. Si mtu aliyekataa. Kabati la dawa za usingizi hufunguka kwa namba ya mgonjwa, na namba ya Mama Mishono ilisoma: ameondoka. Benki ya damu walipopigiwa simu, walijibu kwa upole ule ule.

"Damu ipo, Profesa. Nisomee namba."

"Namba inasema kaondoka. Mimi nimemshika mkono."

"Nakuamini. Lakini friji haikuamini."

Inspekta alimtuma Sajenti juu, na Mkurugenzi akashuka. Alishuka ngazi kama mtu asiyezijua, akitazama kuta, na wauguzi waliokutana naye walisogea ukutani kwa mshangao kwa sababu wengine walikuwa hawajawahi kumwona. Alipofika alitaka kuanza kusema. Inspekta alimshika mkono, mkono wa mtu mkubwa mbele ya watu wake, akauweka juu ya unyayo wa Mama Mishono.

"Huu ndio mraba wako."

Mkurugenzi alikaa hivyo. Udaktari wake wa zamani ulimrudia vidoleni, Inspekta aliuona ukirudi. Hakugomba na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya thieta, akaweka jina lake mwenyewe, ufunguo mkubwa wa nyumba nzima, akaandika mgonjwa arudishwe.

Mfumo ulifikiri. Ukajibu: hakuna kitanda.

Akaandika tena. Hakuna kitanda. Mgonjwa halazwi bila kitanda, na hospitali nzima sasa ilikuwa nyekundu: kikao kilikuwa kimeisha, waliotandikwa asubuhi wamesharudishwa, na foleni ya mapokezi ilikuwa inangoja chochote kitakachogeuka kijani.

"Sheria hiyo niliiweka mimi," Mkurugenzi akasema taratibu. "Nilikataa watu kulazwa sakafuni. Ilikuwa sheria nzuri." Akamgeukia Shemeji, aliyekuwa amekuja akihema. "Iondoe."

"Mimi siwezi, bosi. Wewe mwenyewe huwezi. Hiyo wanaiondoa waliotutengenezea, na tukiwaandikia wanajibu baada ya siku mbili."

Pakawa na kimya ambacho Inspekta hakuwa amewahi kukisikia. Alikuwapo mwenye kisu, mwenye ufunguo, mwenye orodha, na mwenye wodi. Wote wamesimama wamemzunguka mwanamke mmoja anayehema, na kilichowashinda hakikuwa na hata kidole kimoja. Yeye mwenyewe aliwahi kuona wakuu wakinyamaza mbele ya mkubwa wao. Hakuwahi kuwaona wakinyamaza mbele ya sentensi.

"Kuna mlango mmoja," Shemeji akasema, bila kumtazama mtu. "Mtu aliyeokotwa na polisi, hajulikani jina wala kwao. Huyo mfumo hauulizi kitanda. Unampa namba hapo hapo. Lakini lazima askari aandike kwamba kamleta na hamjui, na akifa yuko mikononi mwa askari huyo."

"Ana jina!" mdogo wake akapaza sauti. "Mtaa mzima unamjua! Mtu amekaa kwenye cherehani miaka yote hiyo, leo aandikwe hajulikani?"

"Jina lake tutamrudishia," Inspekta akasema. "Mguu hatuwezi kumrudishia."

Sajenti alimkaribia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Afande. Unamjua. Jalada lake unalo kwenye mkoba. Ukiandika humjui, hilo si kweli, na ni kosa."

"Najua ni nini."

Alikaa kwenye kompyuta. Midomo yake ilicheza kidogo, pengine kwa dua. Kisha kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeshona kifungo, aliandika: mwanamke, ameletwa na polisi, hajulikani. Chini yake akaandika cheo chake na namba yake ya kazi, zote, asibakize kitu.

Ndani ya ukuta kitu kililia tiki. Kabati la dawa likajifungua lenyewe.

Mbele yake Mkurugenzi alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeona jiwe linabingirika kutoka kaburini. Simu ya benki ya damu ikalia. Profesa alishainua mikono yake kuvalishwa glovu, na mlango wa thieta ukajifunga nyuma ya miguu ya Mama Mishono.

Walingoja kwenye korido. Jua lilisogea kutoka dirisha hadi dirisha. Mkurugenzi hakupanda ofisini kwake. Alikaa kwenye benchi, kati ya Bucha na yule mchomeleaji, na mara moja Bucha akamwuliza kama yeye ni fundi wa mabomba, naye akasema hapana, akaona haya kueleza zaidi. Sista alisimama muda wote. Hakuna aliyemwambia akae.

Profesa alitoka akivua barakoa. Alimpungia kidole yule mdogo mtu, akamwongoza mpaka penye kitanda kilichokuwa kinasukumwa nje, akainua shuka upande wa chini.

"Shika."

Kijana aliweka kiganja chake chenye madoa ya cheche juu ya unyayo wa dada yake. Alikiacha hapo. Uso wake ukaanza kuvunjika taratibu, kuanzia kidevuni.

"Una joto," akasema. "Afande, una joto."

Inspekta naye alishika. Chini ya ngozi, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu, kulikuwa na pigo dogo, la haraka, halimwombi mtu ruhusa. Aliondoa mkono wake kwa adabu.

Halafu akamgeukia Sista. "Chukua koti lako, mama. Tunakwenda kituoni kuandika maelezo."

"Najua," akasema Sista. Alivua kofia yake, akaikunja. Wauguzi walikuwa wametoka wodi zote, wamejipanga kando ya korido kumpisha. Inspekta alitembea mbele. Alipofika nje penye gari ndipo alipogeuka, akaona kwamba nyuma ya Sista anakuja Profesa, bado amevaa nguo za thieta, na mkononi amebeba mkoba wa Sista.

"Wewe sijakuita," Inspekta akamwambia.

"Ruhusa ya Jumanne ina jina langu. Nakwenda na jina langu." Akamfungulia Sista mlango, akampa mkoba wake, akaingia akakaa upande wa pili.

Sajenti aliwasha gari. Aliinama kufungua mlango wa mbele kwa ajili ya mkubwa wake, kama alivyofanya siku zote, lakini Inspekta alikuwa ameshafungua wa nyuma na anawaambia wale wawili wasogee.

"Afande, kiti chako kiko huku mbele."

"Leo nakaa huku," akasema, akajibana kati ya Profesa na Sista, akafunga mlango. "Tukifika, Sajenti, maelezo ya kwanza utaandika yangu."